Shemeji Kazamisha Gari la Mwanangu, Sasa Anataka Apigiwe Magoti

Admin, nifichie jina, maana mji huu ukipiga chafya Ujiji wanakuitikia Gungu.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mjane, nauza mawese hapa Ujiji. Shule niliishia darasa la saba, ila kuzaa nilizaa. Mwanangu wa kwanza ni fundi wa kuchomelea, na hodari kama yeye mwambao huu hamumpati, mtafute mpaka Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Wenzake wakipumzika wanaangalia mpira, yeye anaunda gari la jeshi la zamani, lile la vita vya babu zetu, lenye kioo cha mbele kinacholazwa juu ya boneti. Alianza na mabaki ya Landrova iliyoota majani nyuma ya gereji. Bodi kaikunja mwenyewe kwa bati zito, akiangalia picha kwenye simu. Rangi alichanganya akafuta, akachanganya akafuta, mpaka ikatoka kijani kilichofifia kama jani la mchikichi lenye vumbi. Halina bunduki wala alama ya jeshi lolote, ni mapenzi yake tu. Watu walikuwa wanatoka mtaa wa Mwanga kuja kupiga nalo picha. Na mimi jioni nakaa siti ya mbele na kitenge changu, gari limezimwa, wakiniuliza mama unakwenda wapi nawaambia naenda vitani.

Sasa shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, alikuwa anaoza binti. Akalitaka gari limbebe bibi harusi. Mwanangu akamwambia kwa adabu zote kwamba breki hajazimaliza, asubiri. Akaitikia sawa. Ijumaa kijana yuko msikitini, mimi niko sokoni, shemeji kaingia kwangu kachukua ufunguo, kaliendesha mpaka ufukweni kuliosha. Hapa magari huoshwa ukingoni, maji yakigusa tairi basi, hata mtoto anajua. Yeye akawatambia wavuvi kwamba gari la jeshi halizuiwi na maji, akakanyaga mafuta mpaka likazama hadi siti. Injini ikanywa maji, ikazima. Wavuvi wakafunga kamba kwenye fremu ya kioo badala ya chesesi kule chini, wakavuta kama wanavuta wavu. Fremu ikang'oka pamoja na nusu ya bodi.

Mwanangu alipofika hakutukana. Alilizunguka, akapapasa pale palipochanika, akasema, "Baba mkubwa, hili ni gari, si mtumbwi."

Wauza dagaa wakacheka. Kosa lake ndilo hilo, ndugu zangu, hakuna lingine.

Na shemeji kajua pa kunibana. Mwanangu ana mchumba mtaa wa Rusimbi, wazazi wa binti wanasubiri posa, na kwetu posa hubebwa na wazee wa upande wa baba. Mzee aliyebaki ni yeye peke yake. Kaniita kwake, pole ya gari hakutoa, kaniambia mbele ya mkewe, "Shemeji, mwanao aje anipigie magoti pale pale ufukweni, na waliocheka wawepo. Hataki, posa aibebe kwenye hilo bati lake."

Nilijifunga kitenge changu nikaondoka, kwa heshima ya marehemu. Ningefungua mdomo ningemmeza mzima.

Kinachonichoma zaidi, mwanangu amekubali. Kaniambia, "Mama, bati nitapata jingine. Yule binti sitampata tena." Mtoto niliyemlea asimwibie mtu hata sindano, akapige magoti kwa mtu aliyeingia nyumbani mwangu akabeba mali yake!

Kaka yangu yuko tayari kuibeba posa. Lakini mjomba akitangulia, wazazi wa binti watauliza upande wa baba uko wapi, na wakiirudisha, aliyemkosesha mwanangu mke nitakuwa mimi.

Nishaurini, hasa nyie mliooza mabinti. Posa ikija na mjomba peke yake mngeipokea? Kama mngeipokea, semeni leo, maana Ijumaa hii mwanangu anakwenda ufukweni.