Klavye iliyoandika bila kuguswa

Msinicheke kabla sijamaliza. Mi ni karani wa depo ya mawe ya shaba, huku Musonoi. Kila asubuhi napitisha sumaku juu ya magunia, maana kuna wachimbaji wanaoficha vyuma humo ili mzigo uwe mzito.

Juzi Mama Ngoie, muuza kompyuta, aliniomba nimlinganishie klavye mbili, yaani kibodi, za swichi za sumaku, zile ambazo kila kitufe kina kasumaku kake kadogo ndani, kakikaribia chini herufi inaandikwa. Nilikuwa nimejigamba kwake kwamba nazijua zote.

Ya kwanza niliibonyeza nikiwa wima, ikaandika kimya kimya. Ya pili nikaiinamia tu niitazame. Herufi zikamiminika zenyewe kwenye skrini! Nikavua kofia.

“Mama, angalia! Hii inasoma mawazo ya mutu!”

Wateja wakatuzunguka. Nikiinama, inaandika, nikiinuka, inanyamaza. Nikawatangazia kwa sauti ya padri kwamba ile ya kwanza ni ubao tu.

Mama Ngoie akanikazia macho kifuani. “Tata karani, toa kwanza ile sumaku ya depo mu mufuko ya shati.”

Niliitoa mbele ya wote, ingali imeng'ang'ania misumari miwili ya asubuhi.