Sababu ya Kifo cha Daphine

Peninah Nasirumbi anashona nguo kwenye kibaraza cha duka pale Lumino, na wanaomfahamu husema hana wivu hata kidogo. Hawakujua. Alimwonea wivu wifi yake Quinter, tena kwa jambo aliloona aibu hata kulitamka: kifo cha mwana wa Quinter.

Watoto wao waliugua msimu mmoja wa mvua. Moses wa Quinter alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Busitema. Daphine wa Peninah alikuwa binti aliyekwisha kuwa mtu mzima, aliyezaliwa na hali ya Down. Alichelewa kutembea na kusema, lakini alijua kukunja nguo za wateja, na alimcheka waziwazi mtu aliyekuja kuomba bei ishuke. Wote wawili walibanwa na kifua, wakalazwa hospitali moja, wakafariki wiki ile ile.

Msiba wa Moses ulifurika watu. Walilia, wakasema nimonia imewanyang'anya kijana. Kwa Daphine walikaa kwa heshima, wakamwambia Peninah kwamba sasa wamepumzika, mama na mtoto. Kisha vyeti vya kifo vikatoka. Cha Moses kilisema nimonia. Cha Daphine kilisema Down.

Peninah alipokiona cha Moses, roho ilimchoma. Quinter alikuwa amepata hata ugonjwa wa kulaumu. Tangu hapo akaanza kumkwepa. Kanisani alihama benchi, na gauni ambalo Quinter alilileta lipunguzwe alilisukuma chini ya kazi za wengine, likae huko.

Quinter ndiye aliyemfuata nyumbani, akauliza amemkosea nini. Peninah akashindwa kujizuia.

"Wako alikufa, wifi. Wangu wanasema aliisha tu, kana kwamba alizaliwa afe."

"Mimi nilikuwa wodini," Quinter akasema. "Walikohoa pamoja, mtungi wa oksijeni wakapeana zamu. Twende hospitali tukawaambie."

Wakaenda. Daktari Otai, aliyekuwa mgeni katika wodi ile, aliwasikiliza wote wawili.

"Aliishi na hali hiyo maisha yake yote, daktari," Peninah akamwambia. "Kwa nini imuue siku hiyo?"

Otai aliagiza faili. Picha ya kifua na dawa alizopewa Daphine zilisema nimonia, bila shaka. Akaeleza kwamba Down nayo huandikwa, lakini chini, kwa sababu huenda ilimdhoofisha; kilichoua ndicho hutangulia. Watu kama Daphine wakiandikwa Down tu, alisema, hakuna atakayejua kwamba wanauawa na kifua kinachotibika, wala atakayewaandalia tiba. Akaomba radhi, kisha akaandika ombi la kurekebisha.

Cheti kipya kilichelewa, lakini kilikuja. Peninah alipowaonyesha akina mama wa kanisa, mmoja wao, Alupo, akauliza Daphine alikohoa kwa muda gani, alipewa dawa zipi, kisha akalia.

Wivu haukuisha wote. Wanafunzi wa Busitema wanapokuja kumjulia hali Quinter, Peninah huona viatu vyao mlangoni, na hutamani kupita tu. Lakini siku hizi huingia, huketi karibu na wifi yake, na wakishamaliza kusimulia habari za Moses, yeye huanza kusimulia za Daphine.