Damu ya Mzee Isko Ilivyoona Baridi

Ukifika kwao Batangas ukamuulizia Jovelyn Baltazar, watu watakukodolea macho tu. Sema unamtafuta Kilikili, yaani Kwapa kwa lugha yao, utapelekwa mpaka mlangoni. Na aliyembandika jina hilo ni baba wa mchumba wake, tena mbele ya foleni nzima ya wagonjwa. Aibu ya kufa mtu!

Ilikuwa asubuhi ya sikukuu ya kijiji. Mzee Isko, baba mkwe mwenyewe huyo na bingwa wa kuchoma nguruwe, alipitia kliniki na kikohozi chake kisichoisha. Jovelyn, mpimaji wa maabara pale, akamtoa damu, akailisha mashine. Mashine ikatema majibu: chembe nyekundu zimebaki za kuhesabu! Kwa majibu yale, mzee alitakiwa awe chali anakata roho. Wapi! Yuko kwenye benchi anaimba.

Dokta Abelardo akadaka simu. "Naita ambulensi. Aende mjini akaongezewe damu."

"Mjini?" Mzee akaruka. "Na nguruwe wangu watatu nani atawageuza? Wewe?"

"Dokta, subiri," Jovelyn akadakia. "Wekundu wa damu uko sawa, halafu chembe hazipo? Haiingii akilini. Hiki kiyoyozi kimetugandisha sote. Nahisi chembe zimeshikana kwa baridi, mashine inahesabu rundo zima kama moja. Tuipashe joto, tupime tena."

"Sawa, ila kile chombo cha kupashia si kimekufa?"

Jovelyn akaizungushia glavu ile chupa ya damu, akaibana kwenye kwapa la kulia.

"Nusu saa," Dokta akasema. "Isipobadilika, anaondoka."

Basi Jovelyn akawa anazunguka kama kuku aliyevunjika bawa. Mzee Isko akamnyooshea mkono, aushike na kuugusisha kwenye paji lake la uso, ndiyo salamu ya kwao ya mkwe mwenye adabu. Jovelyn hainui mkono, chupa itaanguka!

"Mkono wangu umekukosea nini, binti?"

"Nisamehe baba, nimekubeba kwapani!"

Foleni ikaangua kicheko, bibi mmoja akadondosha meno.

Damu ikarudi mashinini ikiwa ya moto. Chembe zote zipo! Dokta akacheka, akaandika dawa ya kikohozi. "Na usikae kwenye baridi, mzee. Kaa karibu na moto."

"Si ndiyo kazi yangu!" Mzee akachomoka mbio kuwahi nguruwe, akipiga kelele kuanzia kwenye foleni mpaka barabarani, "Kilikili kaniokoa! Mkwe wangu Kilikili!"

Haya, na wewe jina lako la aibu ulilipataje? Limwage hapo chini, usione haya, tucheke wote.