Mkoba wa Ukunga Unakwenda kwa Nesi, na Mimi Ndiye wa Kuutoa

Mhariri, naomba jina langu ulifiche, maana huku Temeke gazeti likinunuliwa na mmoja husomwa na mtaa mzima. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mitano. Mume wangu ni kuli bandarini, na Mungu hajatujaalia mtoto. Tunaishi na mama mkwe wangu, mkunga mzee aliyezalisha karibu kila nyumba hapa kwetu.

Tangu niolewe nafuatana naye. Nambebea mkoba wake wa ukunga, nachemsha maji, namkanda mzazi kiuno. Lakini uchungu ukikaza hunitoa nje, kwani kwa mila yao asiyezaa hashuhudii mtoto akizaliwa wala harithi mkoba. Iliniuma, nikavumilia.

Ndipo akaja nesi, msichana wa bara, viatu vyeupe. Daktari wake Mzungu amemtuma achunguze wakunga wazee wanavyozalisha na familia zinavyowatunza wazee wao, ili hospitali ijue namna ya kuwasaidia. Siku ya kwanza nesi alipiga magoti, "Shikamoo bibi," na mama mkwe, ambaye mimi humbembeleza hata kunywa uji, akadai nimletee kanga yake mpya ajifunge. Sasa nesi asipokuja, hali chakula. Humwita "mwanangu." Mimi ninayemwogesha ni "wewe."

Juzi jirani alijifungua. Nikatolewa nje kama kawaida, nesi akabaki ndani, naye hajaolewa wala hajazaa. Nikiwa uani namsikia mama mkwe akimwambia, "Weka mkono hapa, mwanangu. Kichwa umekipata?" Wivu ulinipanda, nikatamani maji yale ya moto yamwagikie viatu vyake vyeupe.

Tuliporudi nikamuuliza, "Mama, mbona yule naye hajazaa? Au mila ni kwa ajili yangu mie tu?"

Akaniambia, "Mtoto akimfia yeye, watailaumu hospitali. Akikufia wewe, watasema mgumba kamla mtoto wa watu. Na mie sitakuwepo. Nani atakutetea?"

Ni kweli, maneno hayo nimeshayasikia kisimani. Lakini wivu haukuondoka. Umezidi, kwa sababu sasa sina hata wa kumchukia.

Mama mkwe haoni vizuri tena na mikono inamtetemeka. Anataka nesi apewe mkoba Ijumaa, lakini ameapa hautoki mpaka niridhie, kwani mimi ndiye mwanamke wa nyumba hii, na niukabidhi kwa mkono wangu mwenyewe. Nikikataa, ujuzi wake wote utazikwa naye. Nikikubali, nitampa mgeni kitu nilichokibeba miaka yote na kuishia nacho mlangoni.

Wasomaji wenzangu, mama zangu na dada zangu, nipeni shauri kabla ya Ijumaa. Niutoe? Na nikishautoa, nitakwenda na nesi kwenye nyumba za wazazi kama nani?