Restuta na Mguu wa Bartolomayo

Restuta Chilongani hana cheo cha kumtisha mtu. Ni mhudumu wa afya katika kituo kimoja kidogo pale Ipagala, na kwa watu wasiojua mambo, mhudumu ni yule wa kufuta damu sakafuni na kutumwa chai. Haya, wacha waseme. Ila akiletwa mtu aliyevunjika mkono au mguu, daktari mwenyewe husimama mlangoni akauliza, "Mama Restuta yuko wapi?" Kwa miaka ishirini na miwili mama huyu wa Kigogo amewafunga madereva wa bodaboda, wacheza mpira na mabibi walioteleza bombani, na hakuna pale kituoni anayejua kufunga banzi, zile mbao za kuutuliza mfupa usicheze, kama yeye. Analijua hilo, wala haoni haya kulisema.

Basi Jumamosi moja asubuhi alikwenda Kizota kuzibisha jiko lake la mkaa lililotoboka. Mafundi wa kuchomelea unawajua, kila ukienda ni "kesho, mama", kwa hiyo aliingia karakana ya Sebastiani na maneno yake tayari mdomoni. Akayameza. Geti la chuma, zito kama ng'ombe, lilikuwa limemwangukia fundi mmoja aitwaye Bartolomayo, na mguu wake wa kulia ulikuwa umevunjika chini ya goti.

Sebastiani, mwenye karakana, alikuwa ameshaufunga. Mbao mbili, sawa. Lakini kamba sasa! Kizota kila kitu hufungwa kwa mpira wa tairi: mzigo kwenye pikipiki, kiti kilicholegea, hata bomba linalovuja. Na mpira haufungwi mpaka uvutwe. Sebastiani aliuvuta kwa mikono yote miwili huku goti lake limekandamiza mbao, akauzungusha mara nane, kuanzia gotini mpaka kwenye kifundo cha mguu.

"Nimemfunga vizuri, na maumivu yameisha," alimwambia Restuta kwa fahari. "Muulize mwenyewe."

"Siumwi, mama," alisema Bartolomayo. "Hata siusikii."

Wenzake walifurahi. Restuta moyo ulimpasuka. Mguu umevunjika muda si mrefu, halafu mwenyewe hausikii? Akapiga magoti, akagusa vidole. Vilikuwa vya baridi.

"Toeni mpira huu sasa hivi," alisema.

"Haiwezekani, mama," Sebastiani alimzuia. "Ukilegeza, mfupa utachomoka. Tunasubiri gari tu. Na wewe si unafagia tu pale kituoni?"

Neno hilo lilichoma. Siku nyingine Restuta angempa yake ya kumtosha mwaka mzima, maana ulimi anao. Lakini mguu wa mtu ulikuwa unakufa pale chini, na ugomvi unakula muda. Akaushika mkono wa Sebastiani, akabonyeza ukucha wa kidole gumba. Ukawa mweupe. Akauachia, wekundu ukarudi papo hapo. Kisha akabonyeza ukucha wa mguu wa Bartolomayo. Ukawa mweupe. Akauachia, wakangoja. Ukabaki mweupe.

"Damu haifiki," alisema. "Umeona mwenyewe, fundi. Tukimwacha hivi, hospitali watamkata mguu."

Sebastiani alikwenda kuleta kisu mwenyewe.

Restuta akapanga watu: huyu ashike goti, yule kisigino, na asitikisike mtu. Mpira ukakatwa mzunguko mmoja mmoja. Wa mwisho ulipoachia, Bartolomayo alipiga ukelele uliosikika mpaka barabarani, na mafundi wakamgeukia Restuta kwa macho mabaya, kwamba mama amemharibu mwenzao. Yeye alikuwa anacheka. Ndiyo, anacheka, na machozi yanamlenga.

"Lia, mwanangu, lia," alimwambia. "Mguu unaouma uko hai."

Akabonyeza tena ukucha. Wekundu ulirudi, polepole, lakini ulirudi.

Akavua khanga yake ya juu, akaichana vipande. Godoro la mlinzi wa karakana likakatwa bila mwenyewe kuulizwa. Akatandika sponji chini ya mbao kutoka juu ya goti mpaka kupita kisigino, akafunga kwa vile vipande, juu na chini ya mvunjiko, kamwe si juu yake penyewe, na kila fundo alipitisha kidole chake kuona kama panapenyeka. Vidole vya mguu akaviacha wazi. Njia nzima, kwenye gari la mizigo, aliendelea kuvibonyeza mpaka Bartolomayo akamwomba avipumzishe.

Hospitalini daktari wa mifupa aliukagua mguu kwa muda mrefu. "Nani kafunga banzi hili?"

"Huyu mama," alisema Sebastiani. "Mimi ndiye niliyekuwa nauua mguu." Aliyasema hayo mbele ya mafundi wake, na kwa mtu mwenye kiburi kama Sebastiani, si jambo dogo.

"Basi mguu unabaki," alisema daktari.

Restuta alitoka nje, akapiga kigelegele peke yake. Mlinzi akamwambia, mama, hapa ni hospitali. Akapiga kingine.

Miezi minane baadaye Bartolomayo alitoka Kizota akavuka mji mzima mpaka Ipagala. Bodaboda walimpigia honi njia nzima, akawakatalia wote. Alifika jasho likimtiririka, akamkuta Restuta mlangoni pa chumba cha dharura.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeletwa na nani?"

"Sikuletwa," alisema Bartolomayo. "Nimekuja kwa miguu yangu yote miwili."