Ugali wa Msiba wa Topasi

Baba yangu alinuka mikaratusi. Kila asubuhi, kabla hajavuka kizingiti chetu pale Iringa mjini, alifikicha majani yake akajipaka mikononi, shingoni, hadi kwapani, na bado mama alimwambia, "Baba Tumaini, zunguka tena." Tumaini ni mimi. Nilidhani akina baba wote huzungushwa nje kwanza.

Juzi mjukuu wangu Neema, anayekusanya habari za ukoo wetu atengeneze kijitabu, alitoka Iringa akanijia hapa Uyole na neno mdomoni. Mzee mmoja kamwambia baba yangu alikuwa topasi. "Bibi, hicho ni cheo gani?" Nikamjibu bila kupamba. Nyumba za mjini zilikuwa na vyoo vya ndoo. Topasi alipita uani, akafungua kidirisha, akavuta ndoo iliyojaa, akaenda kuimwaga. Mavi ya watu wenye suti, mjukuu wangu. Neema akaweka chai yake chini.

Nikamsimulia na kipupwe kile baba alipokanyaga kopo lenye kutu. Mdharau mwiba mguu huota tende. Alifunga kitambaa, akaenda kazini, mguu ukavimba kama shina la mgomba. Hakumaliza baridi ile. Siku ya maziko ukungu ulikuwa umelala juu ya mabati, na majirani walisimama mbali, mikono kwapani. Sisi ni Wangoni, ndugu zetu wako Songea. Mama alinishika bega akaninong'oneza, "Nani atambeba?"

Aliyetuokoa ni mtani, Mama Kikoti, Mhehe muuza mboga, maana Wahehe na Wangoni hutaniana. Kwa watani, msiba ndio uwanja wao. Alivaa kofia ya baba, akajitwika debe tupu, akachechemea mbele ya wanaume vilevile kama marehemu. "Kamwene," akawasalimu Kihehe, "fungueni, Mngoni wenu nimekuja. Jana mmekula maharage tena?" Watu wakacheka, hata mama. Ndipo akalitua debe. "Miaka yote amewabebea ya kwenu. Leo yeye ndiye mzito?" Wanaume wakaangalia chini, kisha wakalinyanyua jeneza.

Lakini mtani naye ana mwisho wake. Tuliporudi kutoka makaburini, ugali na maharage vilikuwa tayari, na kwetu msiba hauishi mpaka watu wanawe na kula. Kila mmoja akasema ameshiba. Mama Kikoti akavuta sahani, akala peke yake huku akitutukana kuwa Wangoni hatujui kusonga. Hakuna aliyecheka. Mama akakaa karibu na sufuria, akalia kilio ambacho hakukilia hata kaburini.

Neema alifuta macho. Akasema, "Bibi, tuandike mtumishi wa afya, inapendeza." Nikamwambia aandike topasi. Wiki hii kijitabu kimeletwa. Mimi shule niliishia darasa la pili, nasoma kwa kidole, lakini nilifika penye kazi ya baba. Mtumishi wa afya.

Siku hizi hapa Uyole linakuja gari la kunyonya vyoo na bomba lake, dereva ana glavu na buti, akimaliza nampa chai, anakunywa, na majirani wanamsalimia. Dunia imekwenda mbele, sikatai. Watu wa zamani walikataa ugali wetu, ila kazi ya baba waliitaja mchana kweupe. Vitukuu vyake wanakula kwangu mpaka wanakwangua sufuria, na jina la kazi yake ndilo limewashinda kumeza.