Zimamoto wa Nywele

Ukucha juu ya bati la mlango: kwa, kwa, kwa. Mpaka leo, akiukumbuka mlio ule, Zimamoto huacha alichoshika mkononi.

Mtu mwenye nywele nzima hubisha kwa kiganja na kupaza hodi. Aliyejipaka rangi nyumbani ikamgeukia hukwaruza tu, asije akasikiwa na majirani. Ndio wateja wake hao, na ndio waliompa jina: yeye huzima walichounguza wenyewe. Huingia wamejitanda mitandio hadi kwenye nyusi, wakatoka vichwa juu. Wakikutana naye sokoni humpita kama wapitavyo nguzo ya taa, maana kumsalimu ni kukiri. Naye hujichekea: "Zimamoto hakaribishwi kiti kwenye nyumba aliyoizima."

Siku ile aliyekwaruza alikuwa mdogo wake wa tumbo moja.

Mama yao alipofariki, mdogo huyo alikuwa hajui hata kufunga kamba za viatu. Zimamoto alimlea kwa kusuka vichwa vya watu kibarazani, akamsomesha, akamtengeneza nywele asubuhi ya kwanza ya kazi. Kisha mdogo mtu akaolewa kwenye ukoo wenye geti na bustani, na huko akasema hana ndugu, kwao wameisha wote. Dada mtu aliyapata hayo kwa watu baki. Akayameza. Tangu hapo hakutaka kitu kingine ila kimoja: kuitwa dada mbele ya watu wale.

"Nivue mtandio?" mdogo aliuliza.

"Vua. Nimeshaona mabaya zaidi."

Hakuwa ameona. Mizizi ilikuwa rangi ya karoti, katikati njano, ncha kijani kama ukoga wa tangi la maji.

"Umefanya nini, mdogo wangu?"

"Si hizi mvi, dada! Mbili tu. Nikasema nijipake kahawia kidogo. Nikaweka blichi, ikatoka njano. Nikaogopa, nikamwagia nyeusi juu."

"Na dawa ya kunyoosha uliweka lini?"

Mdogo akakunjakunja pindo la mtandio.

"Nakuuliza wewe."

"Wiki hii hii."

"Basi hukupaka rangi, mwenzangu. Umepika supu."

Wakacheka, kicheko kile cha zamani cha kulala mkeka mmoja.

Zimamoto alikata unywele, akauchovya majini, akauvuta. Ukanyumbuka kama mpira, kisha ukarudi kwa uvivu. Ulikuwa na uhai bado. Akavaa glavu.

"Blichi imekula wekundu wote," alisema, akikoroga rangi bakulini. "Nyeusi haishiki kwenye utupu, ndiyo maana imekugeukia kijani. Kwanza nakurudishia wekundu, halafu ndiyo nyeusi ipate pa kukaa."

Mdogo mtu alifumba macho. "Dada, mwisho wa wiki mume wangu anafanyiwa sherehe. Njoo."

Brashi ikasimama. "Nije kama nani?"

"Kama dada yangu. Nitawaambia. Nimechoka kudanganya. Mficha uchi hazai, si wewe ulikuwa ukiniambia?"

Zimamoto alichovya brashi tena. Kuanzia hapo mkono wake ulikwenda polepole, fungu kwa fungu, kama mtu anayepiga pasi nguo yake mwenyewe ya sherehe. Alipaka, akasubiri, akasuuza, akapaka tena. Alipomaliza kukausha, nywele ziliangukia mabegani nyeusi tii, laini, kama hazijawahi kukosewa.

"Dada, una mikono wewe!" mdogo alimwambia kiooni, machozi yakimlengalenga.

Mlango ukasukumwa bila hodi. Akaingia mama mtu mzima, viatu vya kisigino, mkoba kwapani. Mama mkwe.

"Kumbe ndiko unakojificha! Dereva kanieleza. Twende, tunachelewa."

"Shikamoo, mama," Zimamoto alimwamkia.

"Marahaba." Yule mama alimtazama, akamtazama mkwewe, akarudi kwake tena. Paji moja la uso, mwanya mmoja wa meno. "He! Mbona mmefanana hivi? Huyu ni nani wako?"

Zimamoto alisubiri, taulo mkononi. Aliyatafuta macho ya mdogo wake kwenye kioo, akamtikisia kichwa kidogo, kama alivyozoea kumtikisia zamani alipokuwa akimfundisha kusoma na neno likamkwama.

"Huyu..." mdogo alianza. Akazishika nywele zake, akazilaza begani, akazilaza tena. Macho yakashuka sakafuni.

"Nauliza, ni nani wako?"

Mkono wa mdogo ulikuwa ukiutafuta mtandio. Zimamoto aliuona. Angeweza kunyamaza tu, aone itakavyokuwa. Akakunja taulo, akaliweka kitini.

"Msusi wake tu, mama," alisema, kwa sauti ndogo sana.